Debora Nagudi Ngonyani wa Lizaboni, Aliyewasha Mishumaa Dirishani (1960–2025)

Shikamooni wakubwa wote, na poleni kwa jua. Tunayemsindikiza leo Ijumaa tarehe 3 Oktoba 2025 ni Debora Nagudi Ngonyani. Kwa majirani alikuwa Mama Brigita, kwa watoto wa mtaa alikuwa Bibi Dirisha, na kwa wasiompenda alikuwa "yule Myahudi". Wasiompenda kiukweli hawakuwa wachache, na wengi mmefika, karibuni sana, chakula kipo. Yeye mwenyewe alishakataza kusomewa wasifu wa uongo. Kuna msiba mmoja hapahapa Lizaboni alikaa akasikia marehemu anasifiwa upole mwanzo mwisho, akanyanyuka, akasema kwa sauti, "Jamani, tumekosea kaburi," akajifunga khanga yake akaenda zake. Kwa hiyo wa kwake utasema ukweli. Debora alikuwa mgomvi. Tena mgomvi wa raha zake, sio wa kununa. Na kwa miaka zaidi ya arobaini alitaka kitu kimoja kutoka kwa mtu mmoja: wifi yake, Imaculata Ngonyani, amwambie "nimekusamehe" kabla hajawasha mishumaa ya Siku ya Upatanisho. Hilo tu. Mkivumilia mpaka mwisho mtajua kama alilipata.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1960 kwenye kijiji kimoja cha vilimani nje ya mji wa Mbale, Uganda, mtoto wa nne wa Mzee Yonatani na Mama Raheli. Ukoo wao ni wa Abayudaya, yaani Waafrika wa hukohuko walioshika dini ya Kiyahudi tangu enzi za babu zao, wakawa na Sabato yao, sala zao za Kiebrania, na nguruwe hawamgusi. Inabidi tulieleze hili taratibu, maana wapo watu wamekaa naye mtaa mmoja maisha yote wakidhani ni Msabato. Kwao kila Ijumaa, jua likiwa bado lipo, mama wa nyumba anawasha mishumaa miwili. Akishawasha anauvuta mwanga kwa viganja mara tatu, kama mtu anayejifukiza udi, halafu anafunika macho na kusema baraka. Njiti ya kiberiti haipulizwi, inalazwa kwenye kisahani ife yenyewe. Mishumaa haizimwi, haihamishwi, na wala haiazimwi kwa kazi nyingine hata ya kutafutia sindano.

Halafu kuna ile siku kubwa kuliko zote, Siku ya Upatanisho, ambayo wanafunga tangu jua linapozama mpaka kesho yake nyota zitoke. Siku hiyo wanavaa meupe, viatu vya ngozi wanaweka kando, na pembeni ya mishumaa miwili wanaweka wa tatu, mnene, wa kuwaka usiku na mchana kwa ajili ya marehemu wa nyumba ile. Lakini kabla ya kuwasha chochote, unatakiwa uwe umemwendea kila uliyegombana naye ukamwomba msamaha. Yako wewe na Mungu, Mungu atayaangalia. Yako wewe na jirani, kamalizane na jirani kwanza. Akikukatalia, unaomba tena. Akikataa mara tatu, basi, wewe umetoka, mzigo unabaki kwake. Kumbukeni hiyo ya mara tatu, Debora aliitumia vibaya sana.

Elimu yake ilikuwa ya msingi, na haikufika mwisho. Alikuwa hajatimiza miaka kumi na moja Amin aliposhika nchi, na haikuchukua muda dini yao ikapigwa marufuku. Shuleni watoto wa Abayudaya wakapewa majina mapya. Debora akawa anaitwa jina geni kila asubuhi na kila asubuhi haitiki. Anachapwa, haitiki. Kesho anachapwa tena. Darasa la sita baba yake akaona mtoto atamalizwa makalio, akamwambia kaa nyumbani. Nyumbani nako kulikuwa na kazi. Mama Raheli hakuacha kuwasha, ila alihamishia mishumaa ndani ya chungu, chungu kikaingia uvunguni, na Debora akawekwa mlangoni aimbe nyimbo za kanisani kwa sauti ili wapita njia wasihisi kitu. Siku moja jirani mmoja mpelelezi akasimama kumsikiliza.

"Unaimba vizuri," akamwambia. "Mbona nyumbani kwenu kunanuka nta?"

"Ni miguu ya kaka yangu," Debora akajibu, akaendelea na ubeti wa pili.

Ijumaa moja moto ulidaka kitanda kwa chini, Mama Raheli akaungua nyusi zote mbili. Debora akamwangalia mama yake asiye na nyusi anasema baraka huku amelala kifudifudi sakafuni, akajiapia kwamba akija kuwa na nyumba yake, mishumaa itakaa dirishani na atakayeudhika ageuze shingo.

Amin akaanguka mwaka 1979. Ijumaa ya kwanza tu, Mama Raheli akaitoa mishumaa uvunguni akaiweka dirishani. Askari wa Tanzania waliokuwa doria wakaona mwanga, mmoja akaja kuangalia. Ndiye Aidan Ngonyani, kijana wa Songea, ana bunduki begani na sigara mdomoni haijawashwa. Akasalimia vizuri, akainama dirishani awashie sigara kwenye mshumaa. Debora akampiga kofi la mkononi sigara ikaruka. Askari mzima, na bunduki yake, akasema samahani dada. Marehemu Aidan alipenda kusema kwamba vita nzima ya Kagera alijeruhiwa mara moja tu, na ilikuwa Mbale, na ilikuwa Ijumaa.

Walifunga ndoa bomani hapa Songea Jumatano tarehe 3 Juni 1981. Aidan alikuwa ameshatoka jeshini anaendesha lori la mazao. Alimleta mkewe kwenye nyumba ya ukoo Lizaboni, ambako dada yake mkubwa Imaculata alikuwa anaishi upande wa pili wa barabara. Imaculata ni Mkatoliki wa Peramiho, wa jumuiya, wa kwaya, wa kila kitu. Siku ya kwanza alimwangalia wifi yake kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole, halafu akamwambia kaka yake, "Vita nzima ile, hiki ndicho ulichoteka?"

Na kwa Debora mwenyewe, "Wayahudi ndio waliomsulubisha Bwana wetu."

"Mimi sikuwepo, wifi. Siku hiyo tulikuwa Mbale tunapalilia."

Wakaanza hivyo. Ila ugomvi wenyewe, ule mkubwa, una tarehe yake: Jumatano tarehe 7 Oktoba 1981. Ndiyo ilikuwa jioni ya kuamkia Siku ya Upatanisho ya kwanza ya Debora hapa Songea. Mwaka ule dukani hakuna sukari, hakuna sabuni, mshumaa ndio kabisa husemi. Debora akanunua nta ya nyuki kwa warina asali, akatengeneza mwenyewe, ule mnene akaumimina kwenye kopo la mafuta ya kula. Aidan alikuwa safari ya Tunduru, amechelewa, na barabara ya huko kila mtu anaijua. Jua lilipoanza kushuka Debora akavaa gauni jeupe, akavua viatu, akaweka mishumaa dirishani akawasha yote mitatu. Ule wa tatu alimwashia baba yake, Mzee Yonatani, aliyefariki wakati wa vita. Akafunika uso na viganja, na kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumwashia baba akiwa mbali na kwao, akalia.

Sasa jiwekeni mahali pa Imaculata. Anatoka shamba, jembe begani, anapita dirishani kwa kaka yake. Anaona mishumaa mchana kweupe. Anaona wifi yake yuko peku, amefunika uso, mabega yanatikisika. Kaka yuko barabara ya Tunduru siku ya nne. Anauliza, "Wifi, kuna nini?" Hajibiwi, maana ukishawasha huongei mpaka umalize baraka. Anauliza tena, "Aidan yuko wapi?" Kimya. Imaculata akatupa jembe, akajitupa na yeye, akapiga yowe lililosikika mpaka sokoni. Kabla Debora hajatoa mikono usoni, ua limejaa. Wanawake wanagaragara. Wanaume wamebeba mabenchi. Kuni zimepasuliwa, sufuria kubwa imebandikwa, kuku wa Debora wawili wameshachinjwa na mtu asiyejulikana hadi leo. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Jumanne, ameanza kupanga vijana wa kuchimba.

Debora, Kiswahili chake kikiwa bado cha kuokoteza, anapita kwa watu akisema, "Hakuna msiba. Hakuna msiba." Wakawa wanamshika mikono wanamwambia jikaze mama, mwanzoni wote tunasema hivyo.

Saa ya ugali kuiva, Aidan huyo anaingia kwa miguu, lori limekwama nje ya mji, amebeba gunia la korosho. Akaona watu wote wale. Akavua kofia kwa heshima. Akamwinamia Mzee Jumanne.

"Shikamoo mzee. Jamani, nani kafariki?"

Mzee Jumanne akaacha kuhesabu vijana wa kuchimba. "Marahaba," akasema. "Wewe."

Mngedhani Imaculata atafurahi. Wapi. Kumlilia mtu aliye hai si jambo dogo, wazee walisema ni kama kumwita kifo kwa jina. Wakamkalisha Aidan chini wakamlazimisha ale ugali wa msiba wake mwenyewe ili nuksi ivunjike, na watu waliokwishafika wakaona si vizuri kumwacha ale peke yake. Wakala kuku wa Debora wakamaliza, yeye amefunga anawaangalia. Imaculata, vumbi mpaka kwenye kope, akamfuata pale dirishani.

"Zima hicho kitu."

"Haizimwi."

"Nimesema zima. Kinamwita kaka yangu."

"Haizimwi, wifi. Mpaka kesho."

Imaculata akainama apulize. Debora akamdaka kwa kola ya gauni akamvuta, Imaculata akamshika nywele, wakaviringishana hadi kwenye mabenchi ya msiba na wote wawili wakatoka na nguo nusu. Mshumaa ulibaki unawaka. Jioni ya kesho yake Debora alitumia moto uleule kuwashia moto mpya wa kufungulia, kama wanavyofanya kwao, na Imaculata akatangaza mbele ya ukoo kwamba mwanamke yule amemliza kwa mtu aliye hai, amemfanya kichekesho kwa mji mzima, na hatamsamehe mpaka anaingia kaburini.

Watoto walipatikana watatu. Wa kwanza, mwaka 1983, Imaculata na Aidan walikwenda naye kanisani kubatizwa mama yake akiwa bado amelazwa kwa homa ya uzazi, wakarudi naye akiitwa Brigita. Debora hakuongea na mumewe mwezi mzima. Alikuwa akitaka chumvi anamwambia paka. Wa pili, Leo, na wa tatu, Naume, mwaka 1986 na 1990, hakuwaondolea macho hata dakika.

Kazi yake ilikuwa genge. Aliuza nyanya, mchicha, dagaa, viazi, na midomo alitoa bure. Ijumaa mchana alifunga, Jumamosi hauzi hata kitunguu, mpaka nyota zitoke. Imaculata alipoligundua hilo akafungua genge lake mbele yake, barabara katikati, na Jumamosi ndipo alipojipanga. Alikuwa anaita wateja huku anaangalia ng'ambo: "Njooni huku kwenye uhai, kule leo wamefunga kama makaburi."

Debora alikuwa anatoa kiti nje, amevaa vizuri, amekaa tu. "Uza, mama, uza," anamjibu. "Nyanya zako zimeoza ila sauti bado mbichi."

Na kila mwaka jioni ya kuamkia Siku ya Upatanisho, kabla hajagusa kiberiti, Debora alivuka barabara. Mtaa mzima ulikuwa unajua, watu walikuwa wanasogea karibu wakijifanya wanapita. Alisimama mbele ya meza ya dagaa peku, gauni jeupe.

"Wifi, nimekuja kukuomba msamaha kwa yote niliyokukosea."

"Yapi?"

"Unayoyajua."

"Yataje."

"Nikianza kuyataja jua litazama."

"Basi rudi kesho."

"Wifi, naomba mara ya pili."

"Na mimi nakataa mara ya pili."

"Ya tatu."

"Hujapata."

"Asante," Debora anasema, anageuka, anarudi kwake anachekelea, kwa sababu ametoka na mzigo umebaki kwa mwenzie. Miaka mingi Imaculata hakujua hiyo sheria. Siku alipoambiwa na Mzee Jumanne, alivuka barabara mwenyewe.

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi ndiye nabeba?"

"Wewe."

"Na ulikuwa unakuja makusudi?"

"Nakuja kwa moyo mmoja, wifi. Kukataa unakataa mwenyewe."

Imaculata akamtemea mate karibu na kidole gumba cha mguu.

Lakini ukimwangalia sana Debora, kile kicheko kilikuwa kinaishia mlangoni. Ndani alikuwa anakaa mbele ya mishumaa haijawashwa, kiberiti mkononi, mpaka Brigita anamwambia mama, jua. Sheria ilikuwa imemtoa, moyo ulikuwa hautoki. Alimwambia Brigita mara moja tu: "Nilimfanya dada wa watu amlilie kaka yake. Sikukusudia, ila yale machozi yalikuwa ya kweli. Siwezi kuyarudisha."

Hali ilikuwa mbaya zaidi baada ya tarehe 20 Novemba 2009. Siku hiyo lori la Aidan lilipinduka barabara ya Tunduru, na safari hii hakurudi kwa miguu. Pale kaburini, mchanga bado mbichi, Imaculata akamnyooshea wifi yake kidole mbele ya padri na watu wote. "Kifo hiki kiliitwa mwaka themanini na moja. Kimechelewa tu." Wapo waliotikisa kichwa kukubali. Wapo waliohama genge la Debora wakawa wananunua ng'ambo. Neno "mchawi" lilipita mtaani kwa miguu yake, na waliolibeba wamekaa hapa wanajipepea na programu hii. Mwaka uliofuata Debora aliongeza mshumaa mnene wa pili dirishani, wa Aidan, na alipovuka barabara kuomba msamaha hakucheka kwenda wala kurudi.

Maradhi yalianza mwaka 2023, presha kwanza, halafu figo. Alitibiwa hospitali ya misheni Peramiho, tunawashukuru sana madaktari na masista kwa uvumilivu, maana hakuwa mgonjwa rahisi. Ijumaa wodini mshumaa hauruhusiwi kwa sababu ya oksijeni. Akamwambia Brigita awashe tochi ya simu aiegemeze dirishani, akasema baraka mbele ya tochi, na akakataza isizimwe mpaka chaji iishe yenyewe. Brigita akakaa mpaka Jumamosi hana simu, na Leo kule Tunduru anapiga hapati, akajua mama amefariki, akapanda basi. Alipoingia wodini analia, Debora akamwambia, "Ukoo wenu una tabia."

Kufunga alikatazwa. Alibisha na daktari mpaka Brigita akamkumbusha kwamba hata dini yake inamkataza mgonjwa kujiua kwa njaa. Akanuna, akanywa uji.

Juzi Jumatano tarehe 1 Oktoba ilikuwa jioni ya kuamkia Siku ya Upatanisho. Debora alikuwa nyumbani, kitanda kimesogezwa dirishani, miguu imevimba, sauti imebaki kidogo. Kuvuka barabara hawezi. Akamtuma Brigita amwite shangazi yake. Imaculata akaja na fimbo yake, rozari mkononi, akasimama mlangoni. Chumba kile hakuwa amekiingia tangu msiba wa kaka yake.

"Nimeitwa."

"Wifi," Debora akasema, "naomba unisamehe. Lile la mwaka themanini na moja. Na la Aidan, kama unaamini ni langu."

"Sikusamehi."

"Naomba tena."

"Sikusamehi tena."

Akapumzika. Brigita alikuwa ameshika kiberiti, anaangalia dirishani, jua limebaki kiganja kimoja juu ya mabati.

"Naomba mara ya tatu, wifi. Na mwakani sitakuja."

"Sikusamehi," Imaculata akasema.

Brigita akashindwa kujizuia. "Shangazi, humwoni hali yake? Neno moja tu. Unamchukia mtu mpaka anakata roho?"

"Nyamaza wewe, mtoto." Imaculata akamgeukia na fimbo. "Unajua nini? Wazee wetu hawakukufundisha? Mgonjwa akiwa na neno analolisubiri, haondoki. Analisubiri. Ukimpa tu, kakuaga. Nilimwona mama yangu, nilimwona shangazi yangu. Mnaniita hapa mnataka mimi ndiye nimfungulie mlango? Simfungulii. Akae."

Halafu Debora akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, Brigita akamwinua mgongo.

"Kumbe miaka yote ulikuwa unanizuia nisife?"

"Usijipendelee. Miaka yote nilikuwa nakuchukia. Hili la kukuzuia ni tangu ulipougua."

"Na sasa hunichukii?"

"Nakuchukia. Ila ukienda, nitamchukia nani? Hawa?" Akamwonyesha Brigita kwa kidevu. "Hawajui hata kujibu."

"Mama, jua," Brigita akasema.

Debora akaangalia nje, akaangalia mishumaa, minne mwaka huu, miwili ya siku yenyewe, wa Mzee Yonatani na wa Aidan. Kila mwaka alitaka awashe akiwa amesamehewa, na huu ndio ulikuwa wa mwisho. Alijua. Akamshika Brigita mkono, wakawasha pamoja, njiti ikalazwa kwenye kisahani. Viganja akavivuta mara moja, mara ya pili, mara ya tatu havikufika, vikaangukia shukani. Macho yakabaki wazi na baraka haijasemwa. Akajaribu tena, mikono haipandi.

Imaculata akasonya. Akaja na fimbo yake mpaka kitandani, akaweka rozari mfukoni, akamfunika wifi yake macho kwa kiganja chake mwenyewe, kinanuka dagaa.

"Haya sema. Litazama hilo."

Debora akasema baraka chini ya mkono ule, yote, bila kukosea. Imaculata hakuutoa mpaka aliposikia amina. Halafu akavuta kiti akakaa, akasema hajakaa kwa ajili ya mtu, miguu tu inamuuma.

Debora Nagudi Ngonyani alifariki dunia jana Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, mchana, ndani ya Siku ya Upatanisho, mishumaa ya marehemu ikiwa bado inawaka. Imaculata alikuwa kwenye kile kiti. Ndugu waliotaka tusubiri Jumapili ili wageni wa mbali wafike, na waliotaka uwekwe msalaba, wote walijibiwa na yeye, na waliokuwepo wamesikia: "Kasema Ijumaa kabla jua halijazama, na kasema sanduku la mbao tupu. Nyie mnataka anirudie mimi?" Ndiyo maana tuko hapa leo na jua lote hili.

Ameacha watoto watatu, Brigita, Leo na Naume, mkwe wake Zuhura, mke wa Leo, aliyekuja na ndugu zake kutoka Tunduru, wajukuu saba, na wifi mmoja.

Programu hii ilipokuwa inaandaliwa Brigita alikwenda kumuuliza shangazi yake aandikwe vipi.

"Andika wifi," Imaculata akasema.

"Basi?"

"Andika na kwamba sijamsamehe."

"Shangazi, ameshakwenda. Hilo halimzuii tena."

"Najua amekwenda, mimi ndiye nilimfumba macho. Msamaha wake ninao, nimeuweka. Nitampa mwenyewe mkononi. Nikiutoa leo kwenye kipaza sauti, nikifika kule nitakuwa namfuata na nini?"

Mungu wa Debora na wa watu wote ampe pumziko lenye amani. Ajilie raha zake huko, wifi yake atamkuta, na wala hana haraka.